Jirani wa Chumba cha Pili

Mwanangu Saumu,

Salamu za leo tumekwisha kupeana. Umeniamkia asubuhi, nikakuitikia marahaba, na mchana ukaniamkia tena kwa kusahau, tukacheka. Kwa hiyo niingie moja kwa moja kwenye neno lililonikalisha hapa.

Kesho unavuka kwenda Unguja kwenye chuo chako cha muziki. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameyaanza tangu juzi na bado hajayamaliza. Namsikia huko ndani anakuonyesha namna ya kukunja kanga zisijaze begi. Hayo simwingilii. Mimi nimekaa barazani tangu tulipotoka kuswali Alasiri, mguu wangu mbovu nimeunyosha juu ya stuli, nakuandikia yale ambayo nikijaribu kuyasema tukitazamana nitaishia kukuuliza kama umeshakula.

Sehemu kubwa ya habari hii unaijua, ulikuwamo. Lakini ulikuwamo upande wako wa ukuta. Nataka uondoke unajua ilivyokuwa upande wangu.

Nilipoanguka kutoka kwenye paa la ile nyumba ya wageni nikifunga kiyoyozi, nikavunjika mguu, nilidhani kitakachonishinda ni maumivu. Haikuwa maumivu, ilikuwa kukaa. Mimi ni fundi wa mafriji, maisha yangu yote nimeuzunguka mji huu na begi la spana, leo kwa wauza samaki, kesho kwa mwenye duka la soda, na kila ninapofika kuna mtu wa kusema naye. Ghafla nikawa mtu wa kochi. Nikaanza kugombana na redio. Mama yako akiweka taarabu nasema hawa wanalalamika mno. Likipigwa dansi la zamani, muziki wangu mwenyewe ninaoupenda, nasema watangazaji wa siku hizi hawajui kuchagua. Ukija wimbo wa vijana, ndiyo kabisa, naomba redio izimwe.

Ndipo ukaja, ukaichukua simu yangu, ukaibonyezabonyeza, ukanirudishia.

"Baba, nimekutia kwenye kundi la wapenda muziki. Linaitwa Sebuleni. Hakuna picha mle wala jina la kweli, kila mtu ana jina la kupanga. Sasa kagombane na hao, utuache sisi."

"Mimi umenipa jina gani?"

"Baba Ubaridi."

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu nianguke. Hukuniambia kwamba wewe ulikuwamo mle muda mrefu.

Sheria ya Sebuleni ilikuwa moja: ukileta wimbo, useme kwa nini umeuleta. Wimbo wowote. Ukifungua asubuhi unakuta mtu ameweka kwaya, chini yake kaswida, chini yake rumba ya Kongo, kisha rege, kisha ngoma ya Wakwere iliyorekodiwa kwenye arusi porini huko, mbwa wanabweka katikati. Na kila mmoja ameeleza. Huu nilikuwa nausikia mama akinichana nywele. Huu ulipigwa kwenye basi siku niliyofukuzwa kazi. Mimi nilizoea kwamba muziki ni kitu cha kubishania, nani bora na nani ovyo. Hawa walikuwa wanapeana tu, kama watu wanavyopelekeana futari.

Siku za mwanzo niliwaudhi, nakiri. Kulikuwa na kijana wa Dar akijiita Dogo Spika. Alileta singeli, nami nikaandika, "Hiki si kinanda, hiki ni bati linakatwa kwa msumeno." Kijana akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu. Mimi nabeba zege ghorofani. Nikibeba zege na rumba nitasinzia kwenye ngazi." Kundi zima likacheka, na mimi nikacheka peke yangu kwenye kochi mpaka mama yako akachungulia. Tangu hapo nikawa nasikiliza kwanza ndipo niandike. Si kila mara, lakini nilijitahidi.

Na kulikuwa na mtu anayejiita Jirani.

Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto. Wewe hukuwahi kuandika neno la kukufichua. Nakumbuka wimbo wa kwanza wa Jirani nilioupokea kwa makini: wimbo wa sinema ya Kihindi, wa zamani sana, na maelezo yake, "Sielewi hata neno moja. Nimeuleta kwa sababu bibi yangu alikuwa akiuimba akichambua mchele, na yeye pia hakuelewa hata neno moja." Nilishtuka. Nikaandika, "Ajabu, marehemu mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo, na mchele huo huo." Ukanijibu, "Basi walikuwa majirani."

Nilipoijua kweli, nilirudi nikakisoma kile kijibu chako, nikakaa nacho muda. Bibi yako mmoja, mchele mmoja, na mimi nikastaajabu kama mpumbavu.

Tukawa marafiki, Saumu. Sijui nikuelezeje, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa rafiki mwenyewe. Mimi nikileta dansi, Jirani ananiambia, "Leo yaache maneno, Baba Ubaridi. Sikiliza gita la besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha uniambie ni nani anayeuongoza wimbo." Nikasikiliza. Wimbo niliousikia tangu ujana wangu nikausikia upya. Mimi nikamfundisha Jirani kutambua tarumbeta iliyochoka, ile ambayo mpigaji wake amepiga tangu saa mbili usiku na sasa inakaribia alfajiri, na bado anapuliza kwa sababu watu hawajaondoka. Nikawa naamka nikimfikiria mtu huyu ataleta nini leo. Mama yako akauliza, "Huyo Jirani ni mwanamke?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mm," akageuka upande. Sasa naelewa alikuwa anazuia kicheko.

Siku hizo hizo humu ndani wewe na mimi tulikuwa tunasemezana nini? Chakula tayari. Dawa umekunywa. Umeme umekatika. Nilikuwa nazungumza nawe saa nzima kupitia simu, ukatoka chumbani, ukaniletea chai, nikakuitikia bila kuinua macho, kwa sababu nilikuwa nasubiri Jirani anijibu.

Siku moja nilimwambia Jirani habari ya dada yangu. Wewe ulikuwa unamjua Shangazi Mwanahawa kama mtu wa Miono, mkulima, anayekuja mara chache na hakai sana. Sikuwahi kukuambia kwamba alikuwa mwimbaji. Nikayaandika yote mbele ya watu nisiowajua: kwamba alikwenda Dar akiwa msichana, akaimba kwenye kikundi cha taarabu, kwamba alikuwa na sauti ambayo watu walinyamaza kuisikiliza hata wale waliokuja kula tu. Nikaandika kwamba muziki ulimharibia maisha. Ndoa ilivunjika, kikundi kikavunjika, akarudi nyumbani amekonda, watu wakamsema. Nikamalizia, "Sijaisikia sauti yake tena, na kuna siku huwa naitamani." Jirani hukuandika kitu siku ile yote. Kesho yake ukaandika neno moja tu, "Pole," na hukuweka wimbo.

Sasa najua ulikuwa unayasoma hayo ukiwa nyuma ya ukuta, na kwa mara ya kwanza unaelewa kwa nini baba yako alikufanyia alivyokufanyia kwenye ile arusi.

Arusi ya binamu yako. Ulikuwa ukingoni mwa kumaliza shule ya msingi. Mwimbaji alichelewa, wanawake wakakusukuma mbele kwa mzaha, ukaishika mikrofoni ukaimba. Mimi nilikuwa nje na wanaume, nikasikia vigelegele, nikauliza anaimba nani. Mtu akasema, "Mwanao huyo, Kibwana, amerithi kwa shangazi yake." Alisema kwa kusifu. Mimi nikasikia kingine kabisa. Niliingia mle kwenye wanawake, jambo lisilofanywa, nikakunyang'anya mikrofoni wimbo ukiwa katikati, nikakushika mkono nikakutoa. Njiani nikakuambia, "Nyumbani kwangu hakuna mwimbaji." Hukulia. Ulitembea tu pembeni yangu, viatu vyako vya arusi umevishika mkononi. Baada ya hapo sikukusikia ukiimba, hata kufua nguo ulifua kimya. Na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimelea mtoto mtulivu.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Jirani aliweka rekodi isiyokuwa na chombo hata kimoja. Sauti ya mwanamke kijana peke yake. Maelezo: "Huu nimetunga mwenyewe." Ni ule wimbo wako wa mwanamke anayefagia uwanja alfajiri, na kila akimaliza kufagia majani yanaanguka tena, naye hakasiriki, anaanza upya. Niliusikiliza. Nikausikiliza tena. Nilizima redio na feni niusikie vizuri. Kisha nikaandika maneno ambayo nayakumbuka kila herufi:

"Jirani, kumbe wewe ni binti. Unaimba kama mtu aliyezibwa mdomo muda mrefu, kisha mkono ukaondolewa. Aliyekuziba simjui, lakini ningemwona ningemwambia neno. Halafu hapo nyuma yako kuna friji linanguruma. Kompresa yake inakufa. Mwambie mwenye nyumba aite fundi upesi."

Watu wakanicheka kwa habari ya friji. Mama Neema, yule wa kwaya, akasema, "Baba Ubaridi hata peponi atakagua gesi." Lakini akaja mwingine akijiita Mstaafu, mwalimu wa zamani ambaye kwa kawaida alikuwa muungwana. Akaandika, "Sauti ni nzuri, sikatai. Ila binti wa watu wa Pwani kujianika hivi ni kutafuta maneno. Hana baba huyu?"

Damu ikanipanda. Nikamwandikia kwamba sauti hii si ya kufichwa, kwamba anayemfungia mtoto mwenye kipaji hiki ndiye wa kuulizwa, kwamba sisi watu wazima tumezoea kuogopa maneno ya barazani kuliko kumwogopa Mungu aliyempa mtu sauti. Nilikuwa hodari kwelikweli, mwanangu, nimelala kwenye kochi. Mstaafu akauliza swali moja tu:

"Angekuwa wako, ungemruhusu?"

Na mimi sikufikiri hata kidogo. "Ningemruhusu," nikaandika, "na ningemshikia mikrofoni."

Nikasikia mlango wako ukifunguka.

Ulikuja ukasimama mbele yangu na simu mkononi. Uso wako ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa imara. "Baba, umesema."

"Nimesema nini?"

"Lile friji ni letu."

Basi tu. Na friji letu jikoni, kama limeitwa jina, likaanza kunguruma. Mtetemo ule ule, na kule kukwama kwake kabla ya kuwaka. Fundi mzima nimeishi na mlio ule kila siku, nimeutambua kwenye simu kwa sekunde, nikautolea na ushauri. Sauti ya mtoto wangu ndiyo sikuitambua.

Ulikuwa unasubiri niseme kitu. Nikakuambia, "Niletee maji." Hayo ndiyo niliyoyapata kinywani. Ukaniletea, ukaiweka bilauri juu ya stuli taratibu, ukarudi chumbani. Nimekuandikia barua hii yote pengine kwa ajili ya bilauri ile ya maji. Ulistahili neno, nikakutuma jikoni.

Hapa ndipo sehemu usiyoijua inapoanzia.

Siku zilizofuata nilinyamaza, unakumbuka, nawe ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika kidogo, sitakudanganya. Niliona nimechezewa ndani ya nyumba yangu. Lakini zaidi nilikuwa na aibu, na aibu kwa mtu kama mimi huja imevaa nguo za hasira. Mama yako alinivumilia, kisha jioni moja akaja akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Nyumba nzima ilijua isipokuwa wewe," akasema. "Hata mwenye duka pale kona anajua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, na sheria ulishaitunga?" Kisha akasema kwa upole, na mama yako akisema kwa upole ndipo huogopesha: "Kibwana, ulimpenda ulipokuwa humjui. Sasa umemjua, ndiyo unataka kumchukia?"

Asubuhi yake nikamwambia nakwenda kumwona daktari wa mguu. Uongo huo nilimwomba radhi baadaye. Nilikwenda Miono.

Nilishuka basi Mandera na mkongojo wangu, kijana wa bodaboda akanipakia kwa shida, mguu umenyooka pembeni kama mkuki. Nilimkuta shangazi yako anapepeta ufuta nyuma ya nyumba. Tukasalimiana salamu ndefu, za wazima huko, za mashamba, kwa sababu hakuna aliyetaka kufika mwisho wake. Kisha nikampa simu. Nikamwambia, "Dada, sikiliza hii."

Aliibana sikioni kama watu wanavyopokea habari ya msiba. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Macho yake yalikuwa kwenye ufuta, na vidole vyake vilikuwa vinagonga pambizo la ungo pole pole, vinahesabu mapigo.

"Anavuta pumzi mahali pabaya," akasema. "Lakini sauti anayo. Ni Saumu?"

Yeye alikujua mara moja, na alikuwa hajakusikia ukiimba maishani mwake.

Nikamwambia, "Dada, nilimkataza. Nilimkataza kwa sababu yako. Niliona muziki ulivyokuharibia maisha, sikutaka na yeye."

Akauweka ungo chini. Nimemjua dada yangu tangu nilipofungua macho duniani na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Muziki haukuniharibia kitu, Kibwana. Yule mume angeniacha hata ningekuwa nauza maandazi. Kikundi kilivunjika kama vikundi vinavyovunjika. Nilirudi kwetu nimechoka, nikataka kupumzika miezi michache niende tena. Nikaja kwako, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Ukatazama barabarani kwanza kama kuna mtu, kisha ukaniambia nipitie mlango wa uani." Akajifuta vumbi la ufuta mikononi. "Muziki haukuniumiza. Mliniumiza nyinyi."

Saumu, nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa habari ya mlango ule. Aliposema ndipo nilipoiona mchana kweupe: begi lake jekundu, vumbi miguuni, na mimi kijana niliyeoa juzi, nachungulia njia. Yeye alikuwa ameibeba miaka yote ile, nami nilikuwa nimeiweka chini siku ile ile na kuendelea na shughuli zangu. Kisha juu ya kosa langu nikajenga sheria, na sheria ile nikaja kukuwekea wewe. Nilikuwa nakukinga na muziki, kumbe cha kukukinga nacho kilikuwa watu wa namna yangu.

Nikamwomba msamaha. Usidhani tulikumbatiana. Alisema, "Nimekusikia," akachukua ungo akaendelea kupepeta. Nikakaa pale kwenye kigoda nikimsaidia kuokota mawe mpaka Adhuhuri. Nilipoinuka niondoke ndipo akasema, bila kunitazama, "Mlete mtoto nimfundishe kuvuta pumzi."

Kwa hiyo siku niliyokuambia "Shangazi yako anakuita Miono" na ukastaajabu, haikuwa kwamba alisikia habari zako kwa watu. Nilimpelekea mwenyewe. Ulirudi kutoka huko ukiwa na mabega yaliyoshuka, unapumua kutoka tumboni, na ukasema, "Baba, shangazi anaimba." Nikajibu, "Eti?" kama sijui. Nisamehe na hilo. Nilikuwa bado sijapata mdomo.

Na shangazi yako alipokuja siku ya Idd, wewe ulikuwa jikoni na mama yako hukuona, nilitoka na mkongojo wangu nikamngoja barabarani, nikampokea mzigo, tukaingia kwa mlango wa mbele, watu wote wa mtaa wakiwa wamekaa nje na kanzu zao mpya. Kizingitini alinishika bega mara moja, kama mtu anayetafuta pa kuegemea. Hakuwa na haja ya kuegemea.

Yaliyobaki tuliyafanya pamoja. Nilirudi Sebuleni nikaandika, "Jamani, Jirani ni binti yangu. Friji lilikuwa langu." Mama Neema akaweka wimbo wa kwaya wa shangwe. Dogo Spika akauliza, "Mzee, ulilitengeneza lakini?" Siku mbili tatu baadaye Mstaafu akaandika kwamba ana binti naye, anayechora, na kwamba amekwenda kumwomba amwonyeshe michoro yake. Ule ujumbe niliupenda kuliko sifa zote.

Nilikuuliza siku moja, kama unakumbuka, "Ulinitegea mtego kuniingiza mle?" Ukasema, "Hapana, Baba. Nilitaka tu uwajue watu ninaowapenda." Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Ulikuwa umepata sebule ambamo unaweza kuwa wewe, na badala ya kunifungia nje, mimi niliyekufungia mdomo, ulinivutia kiti.

Huko uendako utawapata wengi watakaokupenda bila kukujua, kama nilivyokupenda mimi nikidhani wewe ni mtu wa mbali. Mapenzi hayo yapokee, si ya uongo. Yangu yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini nimeona kwamba ni rahisi mno kuwa mwema kwa mtu usiyekula naye sahani moja. Nilikuwa mpole kwa Jirani na mkavu kwa Saumu katika saa ile ile, kwa kidole kile kile. Kazi ngumu ni hii ya humu ndani, na mimi ndiyo kwanza najifunza. Ukiniona nimekosea tena, na nitakosea, uniambie kwa jina langu, usinisubiri mpaka nijiaibishe mbele ya kundi.

Watu watasema, hilo nilikuogopesha nalo sana. Juzi mzee mmoja alinisimamisha tukitoka msikitini. "Kibwana, nasikia binti yako anakwenda kusomea uimbaji." Nikajikaza, nikamwambia, "Ndiyo, anakwenda, na ana sauti nzuri." Nikasubiri mbingu zianguke. Akasema, "Mungu amfungulie. Sasa, ile gesi ya friji langu umepata?" Hicho ndicho kitu nilichokiogopa miaka yote, Saumu. Wengine watasema zaidi ya hapo, nami nitakuwa hapa hapa barazani kuwajibu.

Kuna siku utaimba vibaya. Kuna siku utaimba vizuri na asisikilize mtu. Shangazi yako anasema siku hizo ndizo za kula ushibe na kulala mapema, na yeye anajua, mimi sijui. Mimi ninachojua ni kitu kimoja cha kifundi: chombo kikifungwa muda mrefu, siku ukikiwasha usikilaumu kwa kukohoa. Jipe muda. Usijikasirikie kwa miaka uliyonyamaza. Miaka ile ni yangu mimi, si yako.

Jua limeshuka, karibu waadhini, na nilitaka nimalizie kwa dua nzuri iliyopangika. Lakini tangu nianze ukurasa huu kuna sauti inatoka huko ndani, nawe pengine hujui kama inasikika mpaka huku nje. Unapiga pasi nguo zako na unaimba, dirisha liko wazi, na yule mama muuza mihogo amesimama njiani na beseni lake kichwani anasikiliza. Wimbo huu siujui. Si wa Sebuleni, si wa shangazi yako, si ule wa kufagia. Ni mpya.

Dua nitakusomea kesho nikikushika kichwa. Sasa naweka kalamu chini, naingia ndani kukuuliza huu unaitwaje.

Baba yako,
Kibwana